Kuunganisha gemu na TV ya flati bila kuunguza tundu la HDMI

Korosho zikishauzwa, flati mpya huanza kupanda bodaboda kuelekea Newala, Tandahimba na Masasi. TV ya chogo inahamia chumba cha nyuma, flati ya inchi 32 inapigiliwa ukutani, na mashine ya gemu ya PS3 iliyochezwa miaka yote kwa waya wa rangi tatu inachomekwa HDMI, ule waya mmoja wa picha na sauti, kwa mara ya kwanza. Skrini inabaki nyeusi. Taa ya mashine ni ya kijani, feni inavuma, pedi inawaka, lakini TV inaandika tu "No Signal". Basi inabebwa kwa fundi kama mgonjwa.

Mara nyingi haijafa. Bado inatuma picha kwenye ule waya wa rangi tatu iliouzoea, na dawa yake ni kidole kimoja kwenye kitufe cha kuwashia. Tutafika hapo. Tuanze na kinachoua mashine kweli, ambacho hutokea dakika chache kabla, watu wakiwa wanachomeka.

Soma kibandiko kwanza

Geuza mashine, soma kibandiko cha chini au cha nyuma. Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. PS4 na PS5 nyingi zimeandikwa 100–240V, hizo hazina shida. Mtego uko kwenye Xbox 360 iliyotoka Marekani: lile tofali lake la umeme la nje limeandikwa 100–127V, na ukilichomeka hapa litakataa kufanya kazi au litaungua. Tafuta tofali la 220–240V la toleo hilohilo, au transfoma ya kushusha volti yenye wati za kutosha. Kubadilisha plagi hakubadilishi volti.

Plagi yenyewe nayo ina hadithi yake. Mashine nyingi za mtumba huja na plagi ya pini mbili za duara, na watu huchokoa tundu la juu la soketi kwa kalamu au kijiti ili ile plagi iingie. Inaingia, lakini haishiki. Inalegea, inatoa cheche, na kila cheche mashine inaisikia. PS4 ya kawaida, PS4 Slim, PS3 Slim na PS5 hutumia waya wa umeme wa matundu mawili uleule wa redio. Nunua wenye plagi ya pini tatu bapa, yenye fyuzi ndani, kisha ule wa zamani uweke kando.

Waya kwanza, umeme baadaye

Mashine yenye waya wa pini mbili haina ethi, yaani njia ya umeme kwenda ardhini. Ndani ya pawa saplai yake kuna vichujio vinavyovujisha umeme kidogo kwenda kwenye bodi ya chuma, kwa hiyo ikikaa peke yake bodi hiyo inaelea kwenye volti fulani, pengine karibu nusu ya zile 230. Mkondo wenyewe ni mdogo mno, ndiyo maana mtu akipapasa chuma cha nyuma husikia tu kama sisimizi wanamtembea kidoleni. TV nayo inaelea hivyohivyo kwa upande wake. Kama imeunganishwa na king'amuzi chenye waya wa dishi lililofungwa kwenye bomba la chuma nje, basi TV yako imeshikamana na ardhi kupitia huko, na mashine haijashikamana na chochote.

Sasa chomeka HDMI vyote viwili vikiwa na umeme. Tofauti ile ya volti inatafuta njia ya kusawazishika. Kwa kawaida chuma cha nje cha plagi ndicho kinachogusa kwanza na kuimeza. Lakini tundu likiwa limelegea, lina kutu, au umeingiza plagi kiupande kwa kupapasa nyuma ya TV, inaweza kugusa kwanza mojawapo ya zile pini 19 za ndani. Pini hizo zinakwenda kwenye kichipu kidogo kilichozoea volti chache tu. Kinakufa bila moshi wala harufu. Dalili yake kwenye PS4: inalia, taa inageuka nyeupe kama kawaida, pedi inashika, ila TV yoyote utakayoijaribu haioni kitu. Kupona ni kubadilisha kichipu kwa mashine ya upepo wa moto, kazi ambayo si kila fundi anaiweza.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu, hata kama una haraka ya kuwahi mechi:

1. Chomoa ukutani plagi ya TV, ya mashine na ya king'amuzi.
2. Chomeka HDMI kwenye mashine, kisha kwenye TV, huku unaona unapoingiza. Isukume mpaka mwisho. Ikibaki imetokeza kidogo bado haijaingia.
3. Chomeka waya wa umeme nyuma ya mashine.
4. Plagi za TV na mashine ziingie kwenye ekstensheni moja, na ekstensheni hiyo iwe ya pini tatu yenye ethi inayofanya kazi.
5. Washa TV, chagua HDMI, ndipo uwashe mashine.

Hatua ya tano ina sababu yake. Mashine ikiwaka huiuliza TV inaweza kupokea picha za ukubwa gani. TV ikiwa imezimwa, baadhi ya mashine hukisia, na zikikisia vibaya unapata giza.

Kuhamisha mashine ni kinyume chake: umeme unatoka kwanza, HDMI inafuata. Mvua za radi zikianza, chomoa na waya wa dishi pia. Radi haihitaji kupiga nyumba yako. Ikipiga jirani, waya wa dishi unaileta mpaka kwenye king'amuzi, HDMI ya king'amuzi inaipeleka kwenye TV, na HDMI ya gemu inamalizia safari. Kuzima kwa rimoti hakusaidii chochote hapo.

Kifaa kinachochelewesha umeme ukirudi, kama vile vinavyowekwa kwenye friji, kinafaa sana kwa sababu umeme ukirudi hurudi kwa kishindo. Hakikisha tu kinabeba mzigo. PS4 ya kwanza imeandikwa hadi wati 250, Slim 165, halafu jumlisha TV.

Waya upi kwa mashine ipi

PS4, PS5 na Xbox One ni HDMI tu, hapana la kuchagua. Waya wa mita moja na nusu au mbili unatosha. Kwenye mabanda ya gemu TV ikipandishwa juu watu huweka mita tano na zaidi, na waya mrefu wa bei ya chini huanza kutoa nukta nyeupe zinazometameta au picha kukatika sekunde moja na kurudi. Ukiona hivyo shusha ukubwa wa picha kutoka 1080p kwenda 720p. Zikipotea, ubaya ni wa waya. Pia usiache waya mzito ukining'inia kwenye tundu la mashine, ufunge kwenye mguu wa meza au msumari. Tundu limelehemiwa kwenye bodi ya saketi ndani, na watoto wakipita na kuukwaa waya, lehemu ndiyo inayoachia.

PS3 zote zina HDMI na tundu la AV, la ule waya wa rangi tatu. Xbox 360 za kwanza kabisa, za 2005 na 2006, hazina HDMI, kwa hiyo angalia nyuma kabla ya kununua waya.

PS2 haina HDMI kabisa. Kuna kidude kinachoingia moja kwa moja kwenye tundu lake la AV na kutoa HDMI. Hicho huchukua umeme wa USB, na unaweza kukichomeka kwenye USB ya PS2 yenyewe. Kabla ya kukitumia, washa PS2 kwa waya wa rangi tatu, ingia "System Configuration", kwenye "Component Video Out" chagua "Y Cb/Pb Cr/Pr". Ukiiacha kwenye RGB, rangi zitakuja za ajabu.

Ukitaka kutumia PS2 kwa rangi tatu kwenye flati, tafuta matundu ya njano, nyeupe na nyekundu. Flati nyingi za siku hizi hazina tundu la njano peke yake. Waya wa njano unaingia kwenye la kijani, mojawapo ya matundu ya Component (picha ya waya tatu: kijani, buluu na nyekundu), na kwenye menyu unachagua AV, si Component. Ukichagua Component, picha inakuja nyeusi na nyeupe, na watu hudhani gemu imechoka. Nyingine zina kitundu kimoja kama cha hedifoni kilichoandikwa AV, kinachohitaji waya wake. Waya hizo hazifanani: ukisikia mngurumo kwenye spika na huoni picha, badilishana njano na nyekundu ujaribu tena.

Halafu vigeuzi. Dukani viko viwili vinavyofanana kama mapacha: AV kwenda HDMI, na HDMI kwenda AV. Kila kimoja kinakwenda upande mmoja tu, hakirudi. PS4 kwenye TV ya chogo inahitaji HDMI kwenda AV. PS2 kwenye flati isiyo na matundu ya AV inahitaji AV kwenda HDMI. Soma upande ulioandikwa "INPUT": hapo ndipo waya wa mashine ya gemu unapoingia. Vyote vinahitaji umeme wa USB hata kama muuzaji atasema si lazima. Kwenye chogo usitegemee makubwa, maandishi madogo ya gemu za PS4 hayatasomeka.

Skrini nyeusi

Bonyeza "Source" au "Input" kwenye rimoti, upite HDMI 1, 2 na 3 moja moja, ukisubiri sekunde tano kila moja. Inaonekana jambo dogo, lakini ndilo linalowakamata wengi kuliko mengine yote.

Kama bado, ilazimishe mashine iulize upya:

PS3: ikiwa imezimwa kwa taa nyekundu, bonyeza kitufe cha kuwashia bila kuachia. Italia mara moja, endelea kushikilia kama sekunde tano mpaka mlio wa pili, kisha achia. Picha itatokea, na itakuuliza kama unataka kutumia HDMI. Kubali kwa pedi.

PS4: zima kabisa, siyo kulaza. Shikilia kitufe mpaka mlio wa pili, kama sekunde saba. Unganisha pedi kwa waya wa USB, maana bila waya haitashika hapo, na waya uwe wa kupitisha data, si wa chaji tu. Chagua namba 2, kubadilisha ukubwa wa picha.

Xbox 360: toa CD, kisha iwashe huku umeshikilia Y pamoja na kitufe cha nyuma cha kulia.

Flati ndogo za inchi 24 na 32 zilizoandikwa "HD Ready" zina vidoti 1366 kwa 768. Ziwekee 720p. Gemu nyingi za PS3 zimetengenezwa kwa 720p vilevile, hupotezi kitu.

Picha ipo, lakini

Kama alama ya magoli na dakika imekatwa pembeni, TV inakuza picha kupita ukingo. Kwenye menyu ya ukubwa wa picha tafuta "Just Scan", "Screen Fit" au "1:1". Usikimbilie kupunguza picha kwenye PS4 kabla ya kujaribu hapo, utaishia na picha iliyopunguzwa mara mbili.

Ukibonyeza shuti na mchezaji anapiga baadaye, weka TV kwenye "Game Mode". Flati husafisha na kulainisha picha kabla ya kuionyesha, na kazi hiyo inakula muda. Kwenye filamu huoni tofauti. Kwenye penalti unaiona, na kwenye banda la kulipia itazua ugomvi. Kigeuzi cha AV nacho huongeza ucheleweshaji wake.

Wachezaji wa PS2 wakionekana wanene na wafupi, weka TV kwenye 4:3.

Picha ipo lakini sauti hakuna: kwenye PS4 nenda mipangilio ya sauti, weka muundo wa "Linear PCM". Flati za bei nafuu hazielewi sauti zote za kisasa. Sabufa usiitafutie tundu kwenye PS4, halipo la nyekundu na nyeupe. Toa sauti kwenye tundu la hedifoni la TV kwa waya wenye kichwa kimoja kidogo na viwili vya rangi, TV iwe na sauti ya wastani, kisha upandishe kwenye sabufa. Kama kuna mngurumo usioisha, chomeka sabufa kwenye ekstensheni ileile ya TV.

Mikindani, Shangani, Kilwa na kote karibu na bahari, upepo wa chumvi hula matundu. Plagi ya HDMI iliyokaa miezi bila kuchomolewa hutoka na ukungu wa kijani, na picha huanza kukatika ukiigusa. Ikiwa umeme umechomolewa, sugua plagi kwa mswaki laini uliolowekwa kidogo spiriti, iache ikauke dakika kumi, kisha iingize na kuitoa mara tatu nne. Usikwangue tundu la mashine kwa pini wala bisibisi. Likiwa limejaa kutu ndani, waya mpya hautasaidia, peleka tundu libadilishwe kabla halijala bodi.