Kuwapata watumiaji wa dawa za kulevya vijijini kwa ajili ya utafiti: bango sahau

Ukishazoea utafiti wa mjini utadhani kijijini ni rahisi kwa vile watu ni wachache, wapi! Mjini kuna maskani inajulikana, ukipata wa kukutambulisha unakuta watu kibao wamekaa. Kijijini mtu anatumia ndani kwake mlango umefungwa, na karani wako wa mapokezi anaweza kuwa shemeji yake, akichungulia tu akamuona anageuza na humuoni tena.

Kwa hiyo waache waletane wenyewe. Njia aliyoiandika mwanasosholojia Mmarekani Douglas Heckathorn mwaka 1997, wengi wanaiita RDS tu (respondent-driven sampling, yaani waliohojiwa ndio wanaoleta wenzao), inaenda hivi: unaanza na watu wachache unaowaita mbegu, ukimaliza kumhoji mbegu unampa kuponi, mara nyingi 3, akawape wenzake, wakija wale nao wanapewa zao. Malipo mawili, moja la kuhojiwa na lingine dogo kwa kila aliyemleta akahojiwa kweli. Usimpe mtu kuponi 20 hata kama anazitaka, sampuli yote itakuwa kijiwe chake.

Kazi iko kwenye mbegu. Ukichukua vijana watatu wa sehemu moja umeshaharibu, tafuta na mwanamke, na mtu mzima, na wa ng'ambo ya mto, na anayejidunga na anayemeza vidonge, maana wanawake wengi hawakai kijiweni na wanaume wakipata kuponi wanapeana wenyewe kwa wenyewe. Halafu kijijini minyororo inakatika mapema sana, mtu anakwambia ninaowajua ni wawili na wote umeshawahoji, basi uwe na mbegu wengine pembeni.

Kuponi yenyewe iwe ndogo kama tiketi ya basi: namba ya siri, simu, siku za kuja, tarehe ya mwisho. Neno dawa lisiwepo popote, andika utafiti wa afya, kwa sababu ipo siku itaokotwa mfukoni na mama mkwe wakati wa kufua.

Malipo yakizidi kuponi zitauzwa na watakuja wasiotumia kabisa wamejifanya. Usimuulize mtu "unatumia?", mwambie akueleze anavyoandaa na inavyouzwa, anayedanganya huwa anakwama hapo hapo. Anayerudi mara ya pili kwa jina lingine wengine wanamnasa kwa kupima urefu wa mkono toka kiwiko mpaka kifundo, jina huhitaji hata kulijua.

Swali moja usiliruke: watumiaji wangapi wa eneo hili unawajua kwa jina na wao wanakujua, na umeonana nao ndani ya siku 30? Atajibu "wengi". Kaa naye mhesabu kwa vidole, bila kutaja majina, maana mwenye marafiki 40 ana nafasi kubwa ya kuletwa kuliko mwenye 2 na usipokuwa na hiyo namba huwezi kurekebisha uzito wa majibu yao.

Mahali pa kuhojia pawe jengo ambalo watu wanaingia kwa shida nyingine pia, gari lisiwe na nembo, wahojaji watoke nje ya kijiji, na nauli ulipe kwa sababu mtu hatatembea kilomita 15 kuja kukujibu wewe maswali. Kibali cha kamati ya maadili kiwe mkononi kabla ya kuponi ya kwanza, na mkuu wa polisi aongeleshwe mapema ili askari wasije wakapiga kambi mlangoni, ila orodha ya waliohojiwa hapewi, na wewe usiwe nayo ya kumpa. Hao wahojaji pia wafundishwe mdomo, neno "teja" likiwatoka mara moja habari inafika vijiji vyote.

Akija mtu yuko kwenye arosto, yaani mwili unamtesa kwa kukosa dawa, usimsainishe fomu ya ridhaa, hapo alipo atasaini chochote apate hela. Mpe maji, mwambie arudi kesho, na kuponi yake muongezee siku.