Malindi hadi Gongoni kwa baiskeli ukiwa na saumu

Kutoka Malindi hadi Mambrui ni kilomita 15 hivi, na Gongoni haifiki 30. Kwa anayekunywa maji njiani huo ni mwendo wa kujinyoosha tu. Kwa aliyefunga mwezi wa Februari, jua la utosi na upepo wa kaskazi usoni, unaweza kumlaza kitandani siku mbili. Kwa hivyo panga safari kwa kuhesabu saa zilizobaki kabla ya maji, kilomita zifuate baadaye.

Siku ya kwanza ondoka Malindi baada ya kuswali alasiri, saa kumi na robo. Kaskazi hukukabili ukielekea kaskazini, kwa hivyo jihesabie kilomita 12 kwa saa, hata kama siku nyingine hufika 18. Utavuka daraja la Sabaki na kuingia Mambrui kabla ya saa kumi na mbili, na magharibi huadhiniwa kama saa kumi na mbili u nusu. Uzuri wa saa hizi ni kwamba ukichoka, maji yako karibu. Anayetoka asubuhi na kuchoka saa nne ana saa nane za kungoja, na hapo ndipo watu huumia.

Lala Mambrui. Ukishaswali alfajiri na kukaanza kupambazuka, nenda Gongoni ukaone mashamba ya chumvi, kisha geuza. Kurudi, kaskazi ile ile inakusukuma mgongoni. Saa mbili na nusu uwe umeshashuka kwenye baiskeli, na usiipande tena hadi alasiri, uanze kurudi Malindi. Miezi ya upepo wa kusi mambo hugeuka: upepo utakusaidia kwenda na kukukabili kurudi, basi acha nguvu ya kurudi.

Maji ya safari hunywewa usiku. Lita tatu zinatosha wengi, lakini zigawe: glasi mbili na tende wakati wa kufuturu, glasi moja kila saa mpaka ulale, na mbili za mwisho kwenye daku. Ukizibugia zote dakika kumi kabla ya adhana, nyingi utazimwaga chooni kabla jua halijachomoza. Futari ya viazi vya nazi na kaimati ni tamu, ila isikujaze ukashindwa kunywa. Daku iwe ya kukaa tumboni: maharagwe, wali, ndizi, yai. Samaki wa chumvi na achari viache; vitakutia kiu kabla ya saa nne.

Kichwa kikigonga, macho yakiona giza, au ukihisi baridi ilhali jua linawaka, shuka, tafuta kivuli, jimwagie maji kichwani na kifuani. Dalili hizo zisipopungua kwa muda mfupi, fungua saumu. Kuchelea madhara ya mwili ni udhuru, na siku hiyo italipwa. Chukua chupa moja ya maji ya sukari na chumvi kwa ajili hiyo: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Ruhusa ya msafiri ni jambo jingine. Masheikh wengi huhesabu umbali wa kilomita 80 hivi, na kwa madhehebu ya Shafi uwe umetoka mjini kabla ya alfajiri. Safari hii haifiki huko.

Sasa baiskeli. Tairi za inchi 2 ndizo bora, pauni 50 za upepo kwenye lami. Ukiingia njia za mchanga punguza hadi 30, usishuke zaidi, maana rimu itaibana tyubu na kuitoboa matundu mawili sambamba. Pancha nyingi huku ni za miiba ya migunga. Ukishatoa tyubu, usikimbilie kiraka. Pitisha kitambaa taratibu ndani ya tairi lote. Kitakwama pale ncha ya mwiba ilipovunjikia. Ing'oe kwa koleo. Wengi hubandika kiraka kizuri na kuacha ncha hiyo ndani, kisha wanashangaa pancha ya pili baada ya nusu kilomita. Afadhali ubebe tyubu mbili nzima uzibadilishe papo hapo, viraka uvibandike usiku ukishafuturu: kupiga pampu juani na saumu kunakausha koo kuliko kuendesha.

Mnyororo hutaka tone moja la mafuta kwa kila pingili, kisha uufute mpaka kitambaa kitoke kikavu. Mafuta yakizidi hushika mchanga na kuwa msasa. Ukirudi kutoka Gongoni suuza baiskeli yote kwa maji baridi yasiyo ya chumvi jioni hiyo hiyo, hasa njiti za magurudumu na skrubu za breki, kwani chumvi haingoji.

Usiku baada ya tarawehe usiendeshe barabara kuu, hata ukiwa na taa. Na kwa wanaotaka kuendelea hadi Lamu: barabara ya Garsen, Witu na Mokowe imeshambuliwa mara kadhaa tangu 2014. Pakia baiskeli kwenye basi, uishushe Mokowe, penye gati la kuvukia Lamu.