Mteja akishinda vitu vitatu kwa mnada, ada ya malipo ihesabiwe mara ngapi?

Kwenye minada ya WhatsApp na Facebook hapa Nairobi, mteja anaweza kushinda jaketi, viatu na mkoba usiku mmoja, kisha akauliza, "Jumla ngapi?" Wauzaji wengi hukosea hapo hapo: wanajumlisha bei tatu na ada tatu. Ada hufuata malipo, haifuati kitu. Unganisha oda kwanza, ada baadaye.

Mnada ukifungwa, usikimbilie kutuma nambari ya kulipia. Pekua madau yote ya mteja huyo, hakikisha kila kitu kipo mkononi, pima furushi likiwa moja, ndipo umwandikie ujumbe mmoja wenye vitu, bei, usafiri, jumla na saa ya mwisho ya kulipa. Usafiri nao hesabu upya. Boda haendi Rongai mara tatu.

Ada inayoleta ugomvi zaidi ni "ya kutolea". Chukua vitu vitatu vya shilingi 700 kila kimoja. Kwa viwango vya M-Pesa vya Julai 2023, kutoa 700 kwa wakala ni shilingi 29, na kutoa 2,100 ni 29 vilevile. Ukimdai mteja 29 kwa kila kitu, umemtoza 87 kwa huduma ya 29. Na kama pesa hizo utazilipia stoki moja kwa moja bila kuzitoa, huna sababu ya kumdai hata hiyo moja.

Ada ya kutuma, ambayo mteja hulipa hata akitumia Pochi la Biashara (huduma ya M-Pesa ya wauzaji wadogo kupokea malipo kwa nambari ya simu), ina ujanja wake. Hupanda kwa ngazi, kwa hiyo kuunganisha hakuokoi pesa kila mara. Malipo matatu ya 3,000 hugharimu 159, lakini 9,000 kwa mkupuo ni 90. Malipo matatu ya 1,000 ni 39, ilhali 3,000 kwa mkupuo ni 53! Kwa oda ndogo, mteja akitaka kulipa kidogo kidogo ana hoja, ila wewe utabaki na jumbe tatu za kulinganisha na daftari.

Angalia pia usafiri usivushe jumla ngazi. Ile 2,100 ukiiongezea boda ya 450 inakuwa 2,550: kutuma kunatoka 33 hadi 53, kutoa kunatoka 29 hadi 52. Mwache mteja amlipe mwenye boda mwenyewe. Kutuma 450 ni shilingi 7.

Kwenye tili ya Lipa na M-Pesa, yaani nambari ya duka ya kupokea malipo, mteja halipi ada. Muuzaji ndiye hukatwa asilimia 0.55, na malipo yasiyofika 200 hayakatwi. 9,000 inakatwa 49.50 iwe imelipwa mara moja au mara tatu. Kiasi hicho kiingize kwenye bei ya kuanzia mnada, usikidai pembeni.

Anayeuza nje kupitia eBay ya Marekani hukatwa asilimia ya jumla yote, gharama ya posta ikiwemo, pamoja na ada maalumu ya kila oda: senti 30 kwa oda isiyozidi dola 10, senti 40 ikizidi. Vitu vitatu vya dola 9 kila kimoja, posta na kodi zikiwemo, vikilipwa kando kando ni senti 90. Vikiwa oda moja ni 40. Tuma ankara iliyounganishwa kabla mnunuzi hajalipa. Akishalipa kimoja kimoja, oda hubaki tatu, na unachoweza kumrudishia ni tofauti ya posta tu. Usiongeze mstari wa "ada ya malipo" pia, eBay hairuhusu.

Kurudisha pesa ndiko kunakouma. Kiatu kikikosekana baada ya mteja kulipa, kumtumia 700 zake ni shilingi 13 kutoka mfukoni mwako, na ada aliyolipa kutuma ile 2,100 hairudi. PayPal nayo hubaki na ada ya malipo ya awali hata ukimrudishia mnunuzi kila senti. Picha ya ujumbe wa malipo pia si malipo: linganisha msimbo na ulioingia kwenye simu yako, kisha ndipo umwite mtu wa boda.