Paa la darasa lisiezuliwe: kazi za kufanya kabla ya masika

Mara nyingi paa la darasa likiezuliwa, bati hukutwa shambani likiwa bado limeshikana na papi zake, yaani mbao za mlalo zinazopigiliwa bati. Hapo kosa si la bati. Upepo unalinyonya paa kwa juu, na ule ulioingia madirishani unalisukuma kutoka ndani. Bati lazima lishike papi, papi ishike kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa), kenchi ishike lenta (mkanda wa zege juu ya ukuta). Kiungo kimoja kikilegea, ubora wa vingine ni kazi bure. Kagueni Januari, mbao zikiwa kavu.

1. Mbao. Choma kila kenchi kwa bisibisi pale inapokaa ukutani, maana mchwa na unyevu huanzia hapo. Bisibisi ikizama sentimita moja bila nguvu, mbao hiyo haishiki msumari tena. Kata sehemu mbovu, unganisha mpya iliyopakwa dawa ya mchwa.

2. Kenchi na lenta. Hapa ndipo paa nyingi hupotelea. Fundi hukalisha kenchi ukutani akaipiga misumari miwili ya mshazari. Misumari hiyo inazuia kenchi isiteleze, haiizuii kunyanyuka. Jengo likiwa bado linajengwa, acheni nondo za mm 8 ndani ya zege la lenta, kisha zikunjwe juu ya kila kenchi. Kama jengo limeshakwisha, fungeni kipande cha engo (chuma chenye umbo la L) kila kenchi: bolti mbili za kupanuka za mm 10 ziingie kwenye zege, na bolti moja ipite kenchi upande hadi upande. Ukuta usio na lenta toboeni kozi (mistari ya matofali) tatu chini ya kenchi, pitisheni waya wa mabati wa mm 4 mara mbili, uzunguke juu ya kenchi, kisha usokotwe kwa kipande cha nondo mpaka utoe mlio ukigongwa. Uzito wa kozi hizo tatu ndio unaoivuta kenchi chini.

3. Papi na kenchi. Msumari wa inchi 4 uliopigwa wima kutoka juu hung'oka vilevile wima. Ongezeni utepe wa chuma au waya unaozunguka kila makutano, mkianza na papi mbili za chini na mbili za karibu na kofia (bati linalofunika kilele cha paa).

4. Misumari ya mabati. Ipigwe kwenye mgongo wa bati, kamwe si bondeni kunakopita maji. Katikati ya paa, kila mgongo wa tatu unatosha. Pembeni na kwenye kofia, kila mgongo wa pili, na shule iliyo mlimani au uwanda wazi ipige kila mgongo. Msumari uliolegea msiugongee tundu lilelile, kwa sababu mbao imeshapanuka. Ung'oeni, zibeni tundu, pigeni mwingine pembeni kidogo, mgongoni hapohapo.

5. Gata (mfereji wa maji ya paa). Ishuke sentimita 1 kwa kila mita 1. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, kwa hiyo paa la mita 8 kwa 10 likinyeshewa mm 30 linashusha lita 2,400. Bila gata, maji hayo yote yanachimba msingi.

Maswali ya walimu na majibu ya fundi

Swali: Fundi, skrubu zina faida kuliko misumari?
Jibu: Zinayo, Mwalimu. Meno yake yanashika mbao, na washa ya mpira inaziba tundu. Fedha zikiwa chache, wekeni skrubu pembeni na kwenye kofia, katikati ibaki misumari. Fundi asikaze mpaka bati libonyee, mpira utapasuka.

Swali: Darasa letu ni giza na joto, taa zinawaka mchana kutwa. Tuanze na nini?
Jibu: Kuta za ndani pakeni nyeupe, na bati kwa juu lipakwe rangi nyeupe ya paa. Mkiweka bati la plastiki linalopitisha mwanga, likae katikati ya mteremko, mbali na kingo na mbali na ubao. Asilikanyage mtu, jua huligeuza likavunjika kama yai. Taa ya futi 4 ya LED ya wati 18 inatosha badala ya ile ya zamani ya wati 36.

Swali: Bati si linatukinga na radi?
Jibu: Peke yake halikingi. Juni 2011, shule ya msingi Runyanya nchini Uganda ilipoteza wanafunzi 18 kwa radi moja. Jengo linahitaji kinasa radi juu, waya mnene wa shaba unaoshuka bila kona kali, na fimbo za ardhini zenye ukinzani usiozidi omu 10. Apime fundi umeme mwenye kifaa, kiangazi, udongo ukiwa mkavu.

Swali: Dhoruba ikianza, madirisha tufungue upepo upite?
Jibu: Fungeni yote, mkianza na ya upande unakotoka upepo. Watoto wakae mbali na vioo na nguzo za baraza.