Chanja kabla hujaanza vidonge

Nauza vitenge Kariakoo, mzigo naufuata Kampala kwa basi. Pia nina vidonda vya utumbo mpana, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili inaugeukia utumbo wenyewe, kwa hiyo kila siku nameza azathioprini kuishusha hiyo kinga.

Mwaka niliotaka kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano inayoulizwa mpakani, nesi alishavuta dawa kwenye bomba la sindano, spiriti imeshanikaukia mkononi, ndipo nikamwambia, "Dada, mie natumia azathioprini." Akarudisha sindano kwenye trei. Hakuniuliza, nami nusura ninyamaze.

Chanjo ya homa ya manjano ina kirusi hai kilichodhoofishwa. Mwenye kinga kamili anakimudu. Sisi kinaweza kutuuguza kweli. Kundi hilo hilo lina surua na rubela, tetekuwanga, polio ya matone na BCG, ile ya kifua kikuu.

Kwa hiyo siku daktari akikutajia dawa za kushusha kinga, yaani azathioprini, infliksimabu, au predinisoloni ya miligramu 20 kwa siku kwa wiki mbili na zaidi, mtolee kadi zako za chanjo hapo hapo. Chanjo hai inataka angalau wiki 4 kabla ya dozi ya kwanza. Lakini kama unatoka damu, usiahirishe tiba kwa kusubiri chanjo. Hilo mliamue pamoja.

Zisizo hai unachanjwa hata ukiwa kwenye dawa: mafua ya sindano, nimonia, UVIKO, homa ya ini B. Haziamshi vidonda, kama wanavyotishana watu. Ila mwili wetu huzijibu kivivu.

Homa ya ini B usiifanyie mzaha. Pima damu kwanza, maana infliksimabu inaweza kukiamsha kirusi kilicholala. Ukiwa huna kirusi wala kinga yake, ni sindano tatu: leo, baada ya mwezi, na mwezi wa 6. Mwezi mmoja au miwili baada ya ya mwisho, omba kipimo cha kinga. Inatakiwa ifike 10 (mIU/mL). Yangu ilisoma 6, na mtu wa maabara akaniambia "uko sawa, mama." Sikuwa sawa. Nilirudia dozi.

Mjamzito anayetumia infliksimabu awaambie wakunga mapema. Dawa inavuka kondo la nyuma, na huku kwetu mtoto hudungwa BCG akizaliwa tu. Mtoto huyo asubiri BCG, miezi 6 kwa uchache. Daktari wengine husema 12.

Na Kampala? Daktari wangu alijaza kwenye kadi sehemu ya wasioruhusiwa kuchanjwa, akaweka sababu, sahihi na muhuri. Karatasi haizuii mbu, na mbu wa homa ya manjano huuma mchana, kwa hiyo nasafiri na mikono mirefu na dawa ya kupaka. Afisa wa mpaka wa Mutukula aliisoma kadi mara mbili, basi likipiga honi, kisha akanirudishia bila neno.