Kumtunga adui wa kike wa anime ambaye silaha yake ni bahati

Bahati ni ngumu kuiandika kuliko moto au upanga, maana msomaji anajua fika kwamba nyuma ya kila ngekewa yuko mwandishi. Daraja likikatika na kumwangusha anayemfukuza shujaa, msomaji ananuna: ameona mkono wako. Daraja hilohilo likikatika shujaa akiwa juu yake, anakubali bila kinyongo. Ndiyo maana nguvu hii humkaa adui vizuri kuliko shujaa. Lakini hata kwa adui, kila bahati lazima iwe na mtu aliyeilipia.

Anza na chanzo. Yuko anayegeuza tu uwezekano wa mambo, yuko anayekopa bahati yake ya kesho, na yuko anayenyonya bahati ya waliomzunguka. Mchague huyu wa tatu kama huna sababu nzito ya kumwacha, kwa kuwa kila ushindi wake unamwachia mtu mwingine mkosi, na mkosi unachoreka. Kisha weka mpaka: anaweza kulifanya litokee lile tu ambalo lingeweza kutokea lenyewe. Bunduki inaweza kugoma. Haiwezi kugeuka nyoka.

Baada ya hapo andika mizani ya bei, kwa tarakimu, na ubandike karatasi hiyo mbele ya meza. Dadu mbili kuonyesha sita kila moja kwa pamoja ni nafasi 1 kati ya 36. Kufanya hivyo mara mbili mfululizo ni 1 kati ya 1,296. Sarafu kuangukia upande uleule uliochaguliwa mara 10 ni 1 kati ya 1,024. Unaweza kuamua kwamba jambo la 1 kati ya 36 linamgharimu jirani kikombe kilichovunjika, na la 1 kati ya 1,000 linamgharimu mfupa. Tarakimu hizo msomaji hatazisoma popote, ila ukizivunja atahisi, kama anavyohisi mizani ya dukani ikipunja.

Mtambulishe kwenye mchezo, si kwenye vita. Chō-han ya Kijapani inafaa sana: dadu mbili zinatikiswa ndani ya kikombe, kikombe kinafudikizwa kwenye mkeka, wachezaji wanabashiri jumla: chō, yaani shufwa, au han, yaani witiri. Kati ya matokeo 36, shufwa ni 18, kwa hiyo nafasi ni nusu kwa nusu. Akishinda mara tatu, hiyo ni 1 kati ya 8, hakuna atakayeshtuka, na usimfanye yeyote ashtuke. Wakati huohuo mchore mzee aliyeketi nyuma yake. Ushindi wa nne, ukanda wa kandambili ya mzee unakatika. Huko Japani hiyo ni ndege mbaya inayojulikana. Ushindi wa saba, tone la damu puani. Wa kumi, mzee hayupo kwenye kisanduku cha picha, umebaki mto wake tu. Maelezo yasiwepo hata neno. Msomaji anatakiwa agundue kabla ya shujaa.

Mahali pa kuweka tone lile la damu pana umuhimu wake. Ukiichora hadithi hii kitabuni kwanza, kama manga, yaani hadithi ya picha ya Kijapani, kumbuka husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, hivyo kisanduku cha mwisho kabla ya kufungua ukurasa ni cha chini kushoto, kwenye ukurasa wa kushoto. Hapo weka kikombe kinachoanza kuinuliwa. Matokeo yaje baada ya kufungua.

Kuhusu sura, kosa la kawaida ni kumrundikia alama: paka wa bahati, jani la pande nne, dadu masikioni. Alama moja inatosha, ila iwe inafanya kazi. Mwite Sachi, kwa herufi 幸, yenye maana ya heri. Ukiiondolea mstari mmoja wa juu inabaki 辛, dhiki. Jina lake likiwa limedariziwa begani, uzi mmoja ukifumuka katika sura ya mwisho umemaliza kazi ya kurasa mbili za mazungumzo.

Tabia yake nayo itoke kwenye nguvu. Aliyezaliwa na nyota ya jaha hajajifunza kuanguka. Hatazami pembeni akivuka barabara, hana kovu mkononi, hapangi mpango wa pili. Kicheko cha kiganja mdomoni kimezoeleka kwa mabinti wa aina yake, nami ningekiacha: mtu asiyewahi kuogopa kushindwa hana haja ya kujionyesha kwamba ameshinda.

Kumshinda ndipo hadithi nyingi huharibika. Usimfanye shujaa awe na bahati zaidi, wala usiseme tu kwamba bahati imekwisha. Njia moja ni shogi, sataranji ya Kijapani, mchezo usio na dadu, ambao kila kete iko wazi. Lakini hata hapo shujaa anaweza kuteleza, na kuteleza huko ni bahati ya Sachi. Kwa hiyo mwingize shujaa pale tu ambapo mfululizo wote wa kumfunga mfalme ameshauhesabu hadi hatua ya mwisho. Njia iliyo bora zaidi ni kumtenga: mpeleke mahali ambapo hakuna wa kunyonywa ila shujaa, aliyekwisha kubali kuumia. Kila mchezo anaoushinda Sachi unamuumiza shujaa, na shujaa anazidi kusogea.

Rasimu ikikamilika, chukua kalamu nyekundu. Pigia mstari kila tukio la bahati, na pembeni andika jina la aliyelilipia. Penye pembe tupu, andika upya.