Somo: Umeingia kwenye bodi ya shule, sasa uanzie wapi?

Wengi wanaoingia kwenye bodi au kamati ya shule hukabidhiwa barua ya uteuzi, hupigiwa makofi kwenye kikao cha kwanza, kisha hakuna anayewaeleza kazi yenyewe ikoje. Mjumbe anaamua kusaidia kwa njia anayoijua: anachangia mahafali, analeta mipira, anamnunulia mtoto sare. Ni mambo mema, na yeyote mwenye moyo anaweza kuyafanya hata kama hayumo kwenye bodi. Mjumbe ana haki ambayo mfadhili hana: kuona taarifa ya fedha, kuuliza swali likaandikwa kwenye muhtasari, na kurudi kikao kijacho kudai jibu. Somo hili linahusu namna ya kuitumia haki hiyo kwa faida ya wanafunzi. Ninaandika kama mwalimu mkuu mstaafu niliyekuwa katibu wa bodi, na nasema bila kusita kwamba mjumbe anayeuliza kwa adabu na kufuatilia ni msaada mkubwa kwa mwalimu mkuu mwaminifu.

Hatua ya 1: Pata hati inayoeleza mamlaka ya bodi yenu

Bodi hazifanani. Marekani, bodi ya elimu kwa kawaida husimamia wilaya nzima ya shule, wajumbe wengi huchaguliwa kwa kura, na bodi ndiyo inayomwajiri msimamizi mkuu wa shule hizo. Uingereza, magavana wa shule ni watu wanaojitolea, wakiwemo wazazi. Kenya ina Bodi za Usimamizi chini ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, na mkuu wa shule ndiye katibu. Tanzania, shule za msingi za serikali zina kamati na sekondari zina bodi.

Kwa hiyo usiige ulichosikia kwa ndugu yako aliye kwenye bodi ya nchi nyingine. Omba sheria au mwongozo unaowahusu ninyi, usome uone nani anaajiri walimu, nani anaidhinisha matumizi, akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotakiwa ili kikao kiwe halali, ni wangapi, na muda wako unakwisha lini.

Jambo moja ni la kawaida karibu kila mahali: mamlaka ni ya kikao. Ukiwa peke yako getini huna amri juu ya mwalimu wala mlinzi. Wajumbe wanaosahau hili huharibu uhusiano na walimu mapema, na wakishauharibu hata hoja zao nzuri hazisikilizwi tena.

Hatua ya 2: Soma mihtasari ya nyuma kabla ya kufungua mdomo

Omba kwa katibu mihtasari ya miaka miwili au mitatu iliyopita. Kaa nayo jioni moja ukiwa na kalamu, na uangalie hasa sehemu ya yatokanayo, yaani ufuatiliaji wa maamuzi ya vikao vilivyotangulia. Utakuta mambo yanayojirudia: choo kilichoahidiwa kila kikao, barua iliyosemwa itaandikwa na haikuandikwa, mkaguzi aliyetoa mapendekezo ambayo hakuna aliyeyagusa tena. Orodhesha yaliyokwama. Hiyo orodha ndiyo ajenda yako ya mwaka wa kwanza, na ina faida moja kubwa: ni maamuzi ya bodi yenyewe, kwa hiyo hakuna atakayesema umekuja na mambo yako.

Hatua ya 3: Tembelea shule, kwa taarifa

Mwombe mwalimu mkuu siku. Usivamie. Ukifika, saini kitabu cha wageni, na usikae nyuma ya darasa ukimkagua mwalimu anavyofundisha. Hiyo ni kazi ya wakaguzi na ya mwalimu mkuu.

Angalia yale ambayo mzazi makini angeyaona. Maji yapo? Vyoo vya wasichana vina milango inayofungika? Mtoto anayetembea kwa magongo au kiti cha magurudumu anaingiaje darasani? Kisha muulize mwalimu mkuu swali moja la hesabu: walioandikishwa darasa hili ni wangapi, na leo wamefika wangapi? Pengo kati ya namba hizo mbili lina habari nyingi kuliko hotuba yoyote ya siku ya wazazi. Pengo likiwa kubwa, usitafute wa kulaumu siku hiyo. Peleka swali kikaoni: ni watoto gani hawafiki, wanakosa siku zipi, na nani amewafuatilia nyumbani?

Hatua ya 4: Fuata fedha hadi mwisho

Hapa nawaomba mkae, kwa sababu hapa ndipo wajumbe wengi hunyamaza kwa kuogopa kuonekana hawajui.

Mfano wa Uganda unafaa kujulikana na kila mjumbe. Watafiti Ritva Reinikka na Jakob Svensson walifuatilia ruzuku ambayo serikali kuu ilikuwa ikituma kwa shule za msingi kwa matumizi yasiyo mishahara. Kati ya mwaka 1991 na 1995, shule zilipokea kwa wastani asilimia 13 tu ya fedha hizo. Nyingi ziliishia njiani, kwenye ngazi za kati. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kilichotumwa, na shule zikatakiwa kubandika matangazo ya fedha zilizopokea. Kufikia mwaka 2001, pamoja na mageuzi mengine yaliyofanyika kipindi hicho, fedha zilizofika shuleni zilizidi asilimia 80.

Mjumbe mmoja hawezi kubadilisha magazeti, lakini anaweza kupendekeza ubao wa matangazo wa shule uoneshe fedha zilizoingia, tarehe zilipoingia, na zilivyotumika. Ukishapata taarifa ya fedha, huhitaji kuwa mhasibu. Linganisha bajeti mliyopitisha na kilichotumika. Chagua malipo machache, uombe kuona hati ya malipo na stakabadhi yake. Kama ni ununuzi wa vifaa, uliza nukuu za bei zilitoka kwa wauzaji gani na nani aliyepokea mzigo. Kama ni madawati, nenda ukayahesabu. Uliza kila muhula, kwa sauti ileile, hata kama unamwamini mwalimu mkuu kwa moyo wote. Ukiuliza siku ya mashaka tu, swali lako litakuwa tuhuma. Ukiuliza kila mara, ni utaratibu, na siku uvumi ukizuka huo utaratibu ndio utakaomlinda mwalimu mkuu.

Hatua ya 5: Rudisha mazungumzo kwenye kujifunza

Vikao vya bodi hupenda majengo. Ukuta unaonekana, unazinduliwa, unapigwa picha. Mtoto wa darasa la nne asiyeweza kusoma aya moja haonekani mpaka mtu amuulizie.

Chukulia vitabu. Inaonekana wazi kwamba shule isiyo na vitabu ikipewa vitabu watoto watafaulu. Watafiti Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walilichunguza hilo katika shule za magharibi mwa Kenya, wakakuta vitabu vya kiada havikupandisha wastani wa alama. Vilisaidia wanafunzi waliokuwa tayari wanafanya vizuri. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, lugha ambayo kwa wengi wa watoto wale ilikuwa ya tatu, na wengi hawakuweza kuvisoma. Sisemi msinunue vitabu. Nasema kabla ya kuidhinisha, ulizeni nani ataweza kuvisoma, na asiyeweza amepangiwa nini.

Chukulia pia walimu wa ziada. Katika mpango mwingine uliochunguzwa na Esther Duflo, Pascaline Dupas na Kremer, huko huko magharibi mwa Kenya, kamati ziliwezeshwa kuajiri mwalimu wa mkataba wa darasa la kwanza, na wastani wa wanafunzi darasani ukashuka kutoka 82 hadi 44. Hata hivyo watoto waliobaki na mwalimu wa serikali hawakupanda alama kwa kiasi cha kuonekana. Walimu waliokuwepo walipunguza juhudi, na baadhi ya nafasi mpya zilikwenda kwa ndugu zao. Pale kamati zilipofundishwa kusimamia ajira na kumfuatilia mwalimu, matatizo hayo yalipungua. Hiyo ni kazi yetu wajumbe, ndugu zangu. Mwalimu aliyeongezwa bila usimamizi na mwalimu huyohuyo akiwa na kamati inayofuatilia, ni mambo mawili tofauti kwa mtoto.

Pendekeza basi kwamba kila kikao kiwe na ajenda ya kudumu ya taaluma, kabla ya majengo, na taarifa yake ianze na watoto walio chini: wangapi hawajamudu kusoma, kuandika na kuhesabu kwa kiwango cha darasa lao, na muhula huu wamefanyiwa nini. Wastani wa mtihani pekee huwaficha.

Hatua ya 6: Linda siri za watoto

Utasikia habari za mimba, ugonjwa, wazazi waliotengana, mtoto anayelala njaa. Zikitajwa kikaoni, zibaki kikaoni, na ikiwezekana zitajwe bila majina. Usipige picha ya mtoto unayempa msaada ukaisambaza. Yeye atarudi darasani kesho na wenzake wameiona.

Maswali ya wajumbe

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mjumbe na nina duka la vifaa vya ujenzi. Shule inajenga na bei yangu ni nafuu kweli. Nikiwauzia kuna kosa?

Jibu: Marahaba. Anza na mwongozo wenu, kwa sababu kuna sehemu unakataza kabisa, na hapo mjadala umekwisha. Kama unaruhusu, tangaza maslahi yako mwanzoni mwa kikao, liandikwe kwenye muhtasari, utoke nje wakati wa kujadili na kuamua, na bei yako ishindanishwe na za wengine kwa maandishi. Ushauri wangu mwenyewe ni uache. Ukishauza saruji hapo, siku utakapouliza kuhusu ununuzi mwingine watakunyamazisha kwa hiyo saruji.

Swali: Mzazi amenifuata nyumbani analalamika mwalimu anamwonea mwanawe. Nimfuate mwalimu?

Jibu: Usimfuate. Msikilize mzazi mpaka amalize, kisha mwelekeze kwa mwalimu wa darasa, halafu kwa mwalimu mkuu. Akirudi kwako baada ya hapo bila kusikilizwa, mwombe aandike barua kwa bodi. Kumbuka kwamba ukishajiingiza mapema, na suala likaja kikaoni, utakuwa umeshachukua upande.

Ila kama anachosema ni kipigo kilichomuumiza mtoto, au udhalilishaji wa kingono, hakuna kusubiri kikao wala barua. Peleka taarifa siku hiyohiyo kwa mamlaka za ulinzi wa mtoto au polisi, mtoto apate matibabu, na usijaribu kuwapatanisha wahusika. Nimeona wazee wenye nia njema wakiyamaliza mambo haya nyumbani, na mtoto ndiye aliyebeba gharama.

Swali: Mwalimu, kuna mtoto yatima hapa shuleni. Naweza kumlipia mahitaji yake mimi binafsi, au nitaonekana napendelea?

Jibu: Unaweza, na Mungu akubariki. Pitisha msaada kwa mwalimu wa ushauri na malezi au mwalimu mkuu, upate stakabadhi, na mtoto asijione kwamba ana deni kwako. Baada ya hapo uliza kikaoni: wako wangapi kama huyu, na kuna utaratibu gani wa kuwatambua? Mara nyingi utakuta hakuna orodha kabisa, na msaada huenda kwa mtoto ambaye mlezi wake anajua kuzungumza.

Swali: Muhtasari uliosomwa una uamuzi ambao hatukuufikia. Wenzangu wamekaa kimya. Nifanyeje?

Jibu: Wakati wa kuthibitisha muhtasari ndio wakati wake. Nyosha mkono, taja kipengele, sema unavyokumbuka kilivyoamuliwa, omba kirekebishwe. Wasipokubali, omba pingamizi lako liandikwe pamoja na jina lako. Usisaini kwanza kwa ahadi kwamba litarekebishwa baadaye. Na kuanzia sasa andika kwenye daftari lako kila uamuzi unapotangazwa, hapohapo.

Swali: Mimi niliishia darasa la saba. Wenzangu kwenye kamati ni wasomi, wanazungumza haraka na makaratasi ni mengi. Naogopa kuuliza nikaonekana mshamba.

Jibu: Mzee wangu, au mama yangu, sijui ninayezungumza naye, uliza. Mwombe katibu makabrasha siku kadhaa kabla ya kikao. Kuyapata mapema ni haki ya kila mjumbe. Mpate mtu unayemwamini akusomee kwa sauti sehemu ya fedha na ya taaluma, lakini uondoe kwanza kurasa zenye majina ya watoto. Chagua jambo moja tu ambalo hukulielewa, ulipeleke kikaoni kama lilivyo: "Naomba nieleweshwe, fedha hizi za ukarabati zimekarabati nini?" Kama maelezo hayaeleweki kwako, huenda hata hao wasomi hawajaelewa na wanaona haya kusema. Anza na kikao kijacho, na ukishajibiwa omba jibu liandikwe.